Nimealika Watu Mia Moja Ishirini na Wawili kwenye Harusi ya Sahani Sitini

Mpendwa mshauri,

Pole na kazi ya kusoma shida za watu. Naomba unisaidie kabla jambo langu halijanifika shingoni, maana zimebaki wiki tatu na mwanangu hajui lolote, na kila asubuhi anaponipigia simu kuniuliza, "Mama, umeamkaje?" namjibu kwamba nimeamka salama, huku moyo unadunda kama wa mwizi aliyeitwa kwa jina lake.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na minane. Marehemu mume wangu alikuwa mkodishaji wa viti na maturubai, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja, na hapa mtaani kila mtu alimwita Mzee Viti. Mimi mpaka leo naitwa Mama Viti, ingawa nina mtoto na mtoto ana jina lake. Viti vyetu ni mia mbili na arobaini, vya chuma, vya kukunja, rangi ya kijani, na kila kimoja kina namba aliyoiandika mwenyewe kwa brashi ndogo upande wa chini. Mimi nilikuwa naviosha, yeye anavipeleka pamoja na shemeji yangu, mdogo wake, mwenye gari la mizigo. Kwa hiyo maisha yetu yamepita kwenye harusi za watu, na watoto ambao wazazi wao tuliwapangia viti wakioana, wengine tumewapangia na wao.

Hakuwa mtu wa kushusha viti na kuondoka. Sherehe ikifika katikati alikuwa anarudi, anasimama nyuma kabisa na kitambaa chake cha kufutia mfukoni mwa shati, anatafuta kwa macho kama kuna mtu amesimama. "Mtu akisimama harusini, mgongo unaniuma mimi," alikuwa akisema. Jambo hilo lilianzia kwenye harusi yetu wenyewe, maana tulikuwa na viti sita tu, na wazee walikalia ndoo zilizopinduliwa, na bibi yangu aliponyanyuka gauni lake lilikuwa na duara la vumbi nyuma kama muhuri wa posta, watu wakacheka mpaka msemaji akanyamaza, na bibi mwenyewe akacheka, lakini mume wangu hakucheka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akanishika mkono, akakohoa kidogo, nikajua sasa ataniambia kitu kuhusu macho yangu. Akasema, "Siku moja hakuna bibi atakayekalia ndoo." Hayo ndiyo maneno yangu ya harusi, mshauri, na sijawahi kutamani mengine.

Amefariki sasa mwaka mmoja na miezi miwili. Aliugua ghafla, akapelekwa hospitali kubwa ya mji mwingine, akafanyiwa upasuaji, hakuamka. Ndugu zake wakataka azikwe kwao, mwendo wa siku mbili kwa basi, na mimi sikuwa na nguvu za kubishana, kwa hiyo kutoka mtaani kwetu tulikwenda watu saba tu. Nilikaa huko mwezi mzima. Niliporudi watu walikuwa wameshazoea. Walinipa pole mlangoni wakiwa wamesimama, wakaenda kazini kwao, na siwalaumu, kila mtu ana mzigo wake.

Binti yetu ni mmoja, karani wa zahanati, anapanga mafaili ya wagonjwa. Mchumba wake ni fundi wa friji, kijana mtulivu ambaye hufuta miguu mlangoni hata kama nje hakuna tope. Wameweka akiba miaka miwili na hawataki mchango wa mtu yeyote. Jumapili moja walikuja na daftari wakanisomea bajeti yao hapa mezani kwangu: ukumbi mdogo ulio nyuma ya maktaba, wenye viti vyake sabini, chakula kinalipiwa kwa kila kichwa, sahani sitini, keki ya ghorofa moja, mpiga picha kwa saa tatu. Binti akanitazama usoni kama anavyomtazama mgonjwa aliyepoteza kadi.

"Mama, ni sitini. Sitini na moja hakuna. Kumi na tano ni wako, andika majina unipe."

"Na wale watu wa baba yako?"

"Mama, hata hapo tumejikamua. Nyumba ya vyumba viwili tumeiacha, tutaanza na chumba kimoja, ndiyo maana hizo sitini zimepatikana."

Yule mkwe wangu mtarajiwa akasema kwa upole, "Chumba kimoja kina faida, mama. Ukipoteza kitu hakijaenda mbali." Tukacheka. Kisha binti akaendelea kusoma, akafika kwenye mstari mmoja, akausoma upesi: "Viti, bure." Akageuza ukurasa. Ukumbi una viti vyake, kwa hiyo ni bure, ndivyo watu wanavyoandika bajeti, hakuna ubaya. Lakini mimi nilisimama nikaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Nikaandika majina yangu kumi na tano kwa mwandiko mzuri, nikampa. Hapo ningeishia, nisingekuandikia barua hii.

Jumanne yake akaja muuza mikate wa kona, anataka viti arobaini kwa mahafali ya kijana wake. Wakati namhesabia akaniambia, "Mama Viti, unajua siku ya harusi yangu mvua ilinyesha, nguzo ya turubai ikang'oka, Mzee akaishika kwa mikono miwili mpaka hotuba zote tatu zikaisha? Na baba mkwe wangu alivyokuwa msemaji! Mzee analowa tu, anamwambia, endelea mzee wangu, endelea."

Mshauri, nilikuwa sijui. Aliporudi siku ile alikuwa amelowa, nikamgombeza, akasema ni mvua tu. Miaka kumi na tisa baadaye ndiyo naambiwa. Nilifurahi mpaka nikashikwa na kigugumizi, na kitu kilichonitoka mdomoni ni, "Binti yetu anaolewa. Karibu harusini, uje na mke wako." Akafurahi sana. Nikaandika alama ndogo ya penseli kwenye daftari la kukodisha, pembeni ya jina lake, wawili.

Baada ya hapo akaja mwalimu mstaafu, akanisimulia jinsi Mzee alivyocheza na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini ambaye watu wote walimpita wakidhani hawezi kunyanyuka, na bibi yule akafariki mwaka ule ule akiwa bado anajisifu. Nikamwalika na wajukuu wawili. Akaja fundi baiskeli, akasema kisigino cha kiatu cha mke wake kilivunjika dakika tano kabla ya kuingia, Mzee akakifunga kwa waya wa kufungia viti, na kile kiatu wanacho mpaka leo na waya wake. Nikawaalika, na mama mkwe wake.

Sasa nakuungamia lililo baya zaidi. Baada ya hao sikusubiri tena watu waseme wenyewe, nikaanza kuvuta maneno. Mtu akija kukodi namuuliza, "Hivi harusi yenu ilikuwa mwaka gani?" na mwaka naujua vizuri kuliko yeye. Akishaanza kusimulia, mimi nakaa. Akimaliza, namwalika. Ilikuwa kama vile siwezi kuchukua kitu cha mtu bila kumpa kitu. Na kila nilipolala nilijiambia kesho nitanyamaza, na kesho yake anakuja mwingine na mume wangu mzima mdomoni mwake.

Juzi nilihesabu alama za penseli. Ni watu mia moja ishirini na wawili, nje ya wale kumi na tano.

Shemeji ameshajua, kwa sababu mwalimu mstaafu alimuuliza njiani avae suti au shati linatosha. Akaja moja kwa moja uani.

"Shemeji, umealika mji?"

"Si mji mzima."

"Aliyebaki nani? Hata yule anayetusomea mita ya maji kaniambia tutaonana harusini!"

"Alisema Mzee alimfundisha kufunga tai."

Akakaa kwenye kiti, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kuna shule inatafuta viti, itachukua vyote mia mbili na arobaini, mnunuzi ni mtu wake, pesa taslimu, na zinatosha kulipia sahani zote zilizozidi. "Tunauza, tunalipa ukumbini kimya kimya, binti anashtukia tu watu wanaingia. Siku hiyo atakasirika na nani? Amevaa shela." Mnunuzi anataka jibu Ijumaa.

Kwa hiyo nakuuliza, mshauri. Je, niuze viti vya mume wangu nilipie kosa langu, mwanangu asijue? Au niwapitie watu wale mlango kwa mlango niwaambie wasije, watu walionipa vitu ambavyo sikuwa navyo? Sitaki kumharibia mtoto siku yake, aliilipia kwa chumba. Na baba yake hayupo wa kusimama nyuma. Nisaidie, nifanye nini?

Mama Viti

*

Mama Viti, dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na chai, mara ya pili chai ikiwa imepoa. Pole kwa kufiwa. Nakupa pole hiyo nikiwa nimekaa, kwa sababu nimeona jinsi zile za mlangoni zilivyokuchoma.

Sasa vumilia, nakugombeza.

Umetoa sahani za mtu mwingine. Wanao wawili wameacha chumba ili walishe watu sitini, wewe ukagawa mia moja ishirini na mbili kwa mdomo, bila kutoka jasho. Ungekuwa umewaibia pesa zao za akiba ungejua ni wizi. Huu nao una ukoo na wizi, hata kama umeufanya kwa machozi na upendo.

Na huyo shemeji yako, mpe salamu zangu, mwambie akae na gari lake. Hebu tufuate mpango wake mpaka mwisho. Umeuza viti vyote. Umelipia sahani zote. Siku imefika, watu wanaingia, binti amevaa shela. Wanakaa wapi? Umeniandikia mwenyewe kwamba ukumbi una viti sabini! Wewe uliyeosha viti miaka thelathini na mmoja umehesabu vichwa, umehesabu sahani, hukuhesabu makalio. Watu zaidi ya mia wangesimama ukutani kwenye harusi ya mtoto wa Mzee Viti, na viti vyake vimeuzwa ili wasimame. Kichwa chako ni kizuri, dada, ila mwaka huu kimekuwa na mgeni, na mgeni huyo anaitwa msiba. Mwambie mnunuzi hapana. Mwambie kabla ya Ijumaa, asije akakushawishi.

Nikuambie nilichokiona mimi. Mumeo alizikwa mbali, watu saba. Mtaa mzima ulikuwa na maneno ya kusema juu yake na haukupata mahali pa kukaa na kuyasema. Wakayabeba. Ukaja wewe na daftari lako la kukodisha, wakaanza kukutolea mmoja mmoja, wakiwa wamesimama, getini, huku wanahesabu viti. Ulichokuwa unawaalikia ni matanga ambayo mtaani kwenu hayakukaliwa, ukayaita harusi kwa sababu harusi ndiyo iliyokuwa karibu. Lakini harusi ni ya binti yako. Hairuhusiwi kubeba vitu viwili, itavunjika mgongo.

Fanya hivi.

Usimpelekee binti yako habari hii kwa simu, na usingoje Jumapili aje na mchumba wake. Nenda wewe, peke yako, kesho akitoka kazini. Daftari liache nyumbani. Usimwambie "baba yako angependa." Marehemu si ngao ya kujikingia ukigombezwa. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize, ana haki. Akikuuliza ulikuwa unafikiria nini, mjibu kwa ukweli kwamba hukuwa unafikiria, ulikuwa unasikiliza. Akitaka kumwingiza mmoja au wawili kati ya watu wako, ni hiari yake, nawe ufute majina yako mwenyewe kwenye wale kumi na tano ili wapate nafasi. Zisiongezwe hata sahani mbili.

Kisha wapitie watu. Wote. Kwa miguu yako, usitume ujumbe, usimtume shemeji, maana yeye atageuza iwe kichekesho. Useme hivi: "Nilikualika bila ruhusa ya wenye harusi. Nafasi hakuna. Nisamehe." Usiongeze maelezo, ukiongeza utaanza kulia na mtu atakuonea huruma, na akikuonea huruma utamwalika tena, nakujua sasa. Wapo watakaonuna. Mama mkwe wa fundi baiskeli atanuna, wa namna yake nawafahamu. Atapona.

Kila utakayemwambia asije, mwambie pia aje kwako uani, Jumamosi ya tatu baada ya harusi. Iwe baada, tena mbali kidogo, ili wanandoa wapate wiki zao na asiwepo mtu wa kusema hii ndiyo harusi yenyewe ya pili. Chai na mkate, basi, na mikate utamwambia jirani yako wa kona akuokee kwa bei ya rafiki. Hakuna zawadi, hakuna turubai, hakuna msemaji mkuu. Watu wakae, waseme waliyo nayo juu ya mumeo, na wewe usikilize bila kumlipa mtu chochote. Kusikiliza hakudaiwi, dada yangu. Hapo ndipo ulipokosea tangu mwanzo.

Mwalike na binti yako siku hiyo, mara moja tu, bila kumbembeleza. Umeona alivyousoma ule mstari wa viti haraka akageuza ukurasa? Mtu asiyeumia husoma polepole. Huenda amekuwa akikimbia kitu kile kile unachokifuata wewe. Akija, mpe kiti. Asipokuja, usimuulize kwa nini.

Lakini yote hayo yanasubiri kesho jioni. Ukifika mlangoni kwake atafurahi kukuona, atataka kukuwekea maji, atakuuliza umekuja na nini. Usikubali maji, usiulize habari za zahanati, na usikae. Ukikaa utaanza na mvua na nguzo ya turubai, na utamaliza jioni hujasema neno. Anza na idadi. "Mwanangu, nimealika watu mia moja ishirini na wawili." Ukishaisema, ndipo ukae.